Mgeni Siku Mbili, ya Tatu Mpe Jembe: Kuizoea Bastola Ndogo Uliyoinunua Juzi

Umeomba, umepigwa alama za vidole, umehojiwa, umesubiri. Hatimaye umetoka dukani na kisanduku cha plastiki mkononi na risiti mfukoni. Dukani uliishika bastola mara mbili tatu, muuzaji akasema inakukaa vizuri, nawe ukakubali kwa sababu kweli ilikukaa vizuri. Sasa uko nyumbani, kisanduku kiko mezani, na hujui uanzie wapi.

Nakuandikia kwa sababu nimesimama kando ya wamiliki wapya wengi uwanjani, na karibu wote walikuja na hukumu iliyokwisha kukatwa: bastola ni nzuri, nyepesi, tamu mkononi. Bastola ndogo humpendeza mtu upesi. Lakini wepesi unaokufurahisha dukani ndio utakaokupiga kiganja uwanjani, na ufupi unaoifanya ikae vizuri chini ya koti ndio unaoifanya iwe ngumu kulenga. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ifanyie bastola yako hivyo hivyo. Ipokee kwa adabu, ichunguze, kisha ipe kazi kabla hujasema unaijua. Siku hizo tatu si lazima zifuatane. Lililo muhimu ni usiruke hata moja.

Mfano wangu utakuwa Glock 19, kwa sababu ndiyo ninayoimiliki na ni miongoni mwa bastola za ukubwa huu zinazojulikana zaidi duniani. Kama yako ni Ceska au nyingine, mengi yatakufaa vilevile, ila fuata kitabu chake pale vinapotofautiana.

Siku ya kwanza: mkaribishe

Kabla ya kugusa bastola, chukua daftari dogo. Ukurasa wa kwanza andika tarehe na maoni yako ya kwanza, kwa maneno machache na ya kweli. Liweke kando, tutalirudia.

Kisha shika karatasi. Linganisha namba iliyo kwenye cheti au leseni na ile iliyochongwa kwenye silaha yenyewe. Kwenye Glock namba hiyo huonekana sehemu tatu: kwenye fremu, kwenye slaidi (kile chuma cha juu kinachoteleza mbele na nyuma) na kwenye mtutu. Zote zifanane, herufi kwa herufi. Kosa la tarakimu moja ni jambo dogo likigunduliwa leo, na ni kesi likigunduliwa kwenye kizuizi cha polisi. Nchini Kenya cheti hutaja pia idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo, basi isome idadi hiyo kabla hujanunua boksi la pili. Anayedhani leseni ikishatoka mambo yamekwisha akumbuke mwaka 2018, serikali ya Kenya ilipowataka raia wote wenye silaha wahakikiwe upya. Tanzania nayo ina sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015. Popote ulipo, masharti ya karatasi yako ni sehemu ya silaha yako.

Risasi zisiwepo mezani siku hii. Ziache zimefungiwa chumba kingine.

Sasa ifungue. Ielekeze upande ambao risasi ikitoka kwa bahati mbaya haitampata mtu, na kumbuka kwamba ukuta wa mbao au wa matofali membamba hauzuii risasi. Kidole kikae nje ya triga, kimenyooka ubavuni mwa fremu. Kwanza toa magazini. Kisha vuta slaidi nyuma mara mbili tatu na uizuie ikae wazi. Halafu tazama ndani ya chemba, na ingiza ncha ya kidole kidogo uhisi kwamba hakuna kitu. Mpangilio huu usiugeuze hata siku moja. Ukivuta slaidi kabla ya kutoa magazini, utatoa risasi iliyo ndani na slaidi ikirudi itapakia nyingine. Utadhani umeitoa yote, kumbe umeijaza upya.

Utafanya hivi kila unapoishika, hata kama umeiweka chini dakika moja iliyopita, hata kama aliyekupa ni ndugu yako na ameitazama mbele yako. Jeff Cooper, Mmarekani aliyekuwa rais wa kwanza wa shirikisho la kimataifa la ulengaji shabaha, IPSC, lililoundwa mwaka 1976, ndiye anayetajwa sana kwa kanuni nne ambazo viwanja vingi vya shabaha vinazifuata hadi leo. Kila silaha ihesabu kuwa imejaa. Usimwelekezee mtutu mtu au kitu usichokuwa tayari kukiharibu. Kidole kisiguse triga mpaka umelenga na umeamua. Na ijue shabaha yako pamoja na kilicho nyuma yake. Ukivunja moja, zile tatu huenda zikakuokoa. Ukivunja mbili, mtu ataumia.

Mkono wako unasema nini

Silaha ikiwa tupu, sasa isikilize mkononi.

Glock 19 ilitoka mwaka 1988 kama mdogo wake Glock 17, bastola ambayo jeshi la Austria lilikuwa limeichukua miaka michache kabla. Mtutu wa Glock 17 una urefu wa milimita 114. Wa Glock 19 una 102. Magazini ya kawaida ya kaka huchukua risasi 17, ya mdogo 15. Ikiwa na magazini tupu, Glock 19 ya kizazi cha tano ina uzito wa karibu gramu 670. Ikijaa hufika karibu gramu 855. Tofauti ya milimita 12 kwenye mtutu unaweza kuiona ndogo, lakini kilengeo cha mbele na cha nyuma vinapokaribiana, kosa dogo la mkono huwa kubwa kwenye karatasi.

Angalia mambo manne. La kwanza, nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada ipande juu kabisa nyuma ya mpini, bila kuingia kwenye njia ya slaidi. La pili, kidole cha triga kifike kwa ile sehemu laini ya ncha yake bila mkono kujipinda. Kama hakifiki, au kinapitiliza, tazama kisandukuni: Glock za vizazi vya karibuni huja na vipande vya kubadilisha nyuma ya mpini. Jaribu vyote kabla ya kuamua. La tatu, kidole cha mwisho kipate pa kukaa. Kwenye bastola ndogo zaidi, kama Glock 26, mara nyingi huning'inia hewani. La nne, kidole gumba kifikie kitufe cha kutolea magazini bila wewe kulegeza mshiko wote.

Halafu vuta slaidi. Wengi hushindwa hapa, wakasema springi ni ngumu au kwamba mikono yao ni dhaifu. Springi ya bastola fupi huwa ngumu kweli, lakini tatizo hasa ni namna ya kuvuta. Usibane kwa vidole viwili kama anayefungua chupa. Shika slaidi kwa kiganja kizima kutoka juu, isogeze bastola karibu na kifua huku mtutu ukitazama mbele, kisha mkono mmoja usukume mbele na mwingine uvute nyuma kwa wakati mmoja. Nimeona mama mwenye umri wa bibi akiivuta hivyo bila taabu, wakati kijana mwenye misuli aliyekuwa kando yake akihangaika.

Jambo la mwisho kwa leo: Glock haina sefti ya kubonyeza ubavuni. Ina kinga tatu za ndani, na ya kwanza ni kile kipande chembamba katikati ya triga. Zote hufunguka kidole kikivuta triga. Maana yake ni hii: sefti unayoweza kuitawala ni kidole chako na ala inayofunika triga. Kama ulizoea bastola yenye sefti ya kidole gumba, hili litafakari usiku kucha.

Ifungie. Kama huna sefu ya chuma iliyopigiliwa ukutani au sakafuni, ulipaswa kuinunua kabla ya bastola, na kesho asubuhi ndiyo safari yako ya kwanza.

Siku ya pili: mjue

Bastola mpya hutoka kiwandani na mafuta ya kuilinda isishike kutu, si lazima yawe mafuta ya kazi. Ifungue uisafishe kabla ya kuipeleka uwanjani.

Hapa kuna hatari inayohitaji kutajwa waziwazi. Ili kuifungua Glock, lazima uvute triga. Watu wamejipiga risasi wakisafisha kwa sababu hiyo tu: walidhani ni tupu. Kwa hiyo toa magazini, tazama chemba, gusa chemba, elekeza pahali salama, ndipo uvute triga. Vuta slaidi nyuma kidogo sana, kama milimita tatu, shusha vile vidude viwili vya pande zote za fremu, kisha isukume slaidi mbele itoke. Utabaki na vipande vinne: fremu, slaidi, mtutu, na springi yenye ufito wake. Ukijikuta unatafuta bisibisi, simama usome kitabu.

Pitisha kitambaa safi kwenye mtutu. Utakuta mafuta mazito yenye rangi ya shaba kwenye baadhi ya sehemu za slaidi. Wamiliki wapya wengi huyafuta wakidhani ni uchafu. Kiwanda chenyewe kinashauri yaachwe, kwa kuwa huendelea kulainisha slaidi siku za mwanzo. Baada ya hapo tone dogo la mafuta kwenye reli, tembeza kidogo juu ya mtutu kwa nje, na tone pale ufito wa triga unapokutana na chuma cha nyuma. Njia ya pini inayogonga risasi iache kavu, maana mafuta humo hukusanya masizi.

Kiasi cha mafuta kinategemea unakoishi. Ukiwa Mombasa, Tanga au Unguja, hewa ya chumvi haipumziki, na chuma kinataka kufutwa kwa kitambaa chenye mafuta hata kama hakijapiga risasi moja. Ukiwa Dodoma au Turkana, adui ni vumbi, na mafuta mengi huligeuza kuwa tope la kusaga. Popote pale usiihifadhi ikiwa ndani ya ala ya ngozi, kwa kuwa ngozi hunyonya unyevu na kuukumbatisha chuma.

Ikishaunganishwa, fanya mazoezi makavu, yaani kuvuta triga bila risasi. Risasi za kweli zisiwe chumba hicho. Nunua risasi bandia mbili tatu za mazoezi, elekeza kwenye ukuta wa mawe au gunia la mchanga, na uweke sarafu juu ya slaidi karibu na kilengeo cha mbele. Vuta triga polepole, moja kwa moja kuelekea nyuma. Sarafu ikianguka, mkono wako umetikisa bastola kabla haijafyatuka. Triga ya Glock huhitaji nguvu ya karibu kilo mbili na nusu. Utahisi mwanzo ulio mwepesi, kisha ukuta, kisha kufyatuka. Ujue ukuta huo ulipo hata ukifumba macho. Kila mara itabidi uvute slaidi kidogo ili triga irudi. Dakika kumi zinatosha, na ukimaliza sema kwa sauti, "Mazoezi yamekwisha," uifungie papo hapo. Ajali nyingi za mazoezi makavu hutokea katika ile "mara moja ya mwisho" baada ya mtu kupakia risasi za kweli.

Siku ya tatu: mpe jembe

Nenda kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, na umwambie msimamizi kwamba bastola ni mpya na wewe ni mgeni nayo. Hakuna aibu katika hilo. Mlio wa bastola hupita desibeli 150, na 140 zinatosha kudhuru masikio mara moja na kwa maisha. Vaa vizibo vya masikio, na juu yake vifuniko kama vipo. Vaa na miwani, maana maganda ya moto huruka yanakotaka.

Risasi ya milimita 9 yenye kasha la milimita 19, aliyoibuni Mwaustria Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20, huuzwa kwa uzito mbalimbali. Kwenye boksi utaona namba kama 115 au 124. Ni uzito wa kichwa cha risasi kwa kipimo cha grein, sawa na takriban gramu 7.5 na gramu 8. Anza na hizo za kawaida za mazoezi, zilizotoka kiwandani.

Mara ya kwanza kabisa pakia risasi moja tu kwenye magazini. Bastola nyepesi hurusha mkono juu, na mgeni aliyeshtuka huweza kubana tena bila kujua. Ikiwa haina ya pili, mshtuko unakwisha salama. Fanya hivyo mara tano, kisha pakia mbili, kisha tano. Karatasi ikae mita tano mbele yako, si zaidi.

Utaona mambo matatu, na karibu yote yatakufanya uilaumu bastola.

La kwanza, matundu yataangukia chini kushoto, kama unatumia mkono wa kulia. Utasema vilengeo vimepinda. Kabla ya kuvigusa, egemeza mikono juu ya mfuko wa mchanga upige tano polepole. Mara nyingi matundu yatarudi katikati, na utajua kwamba ni kidole chako kinachonyakua triga huku kiganja kikijihami dhidi ya kishindo. Dawa yake ni kumwomba mwenzako akupakilie magazini, akichanganya risasi bandia bila wewe kujua zilipo. Ukifika kwenye ya bandia, bastola haitalia, lakini utauona mtutu wako mwenyewe ukiinama. Hakuna mwalimu mkali kuliko huo.

La pili, bastola itakwama, ganda likibanwa mlangoni. Huenda ni kifundo kilicholegea. Slaidi hujiendesha kwa kusukumana na fremu, na fremu isiposhikwa imara hurudi nayo nyuma, kazi ikaishia njiani. Kaza kifundo, songa mbele kidogo kwenye vidole vya miguu, ujaribu tena.

La tatu lilinipata mimi. Siku yangu ya kwanza, slaidi haikubaki wazi risasi zilipokwisha. Ilifunga kana kwamba bado zipo. Mara nne mfululizo. Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikiwa na hakika kwamba nimeuziwa bastola mbovu, na nilikwisha kupanga maneno ya kumwambia muuzaji. Juma lililofuata mzee mmoja wa uwanjani alisimama kando yangu, akatazama mikono yangu badala ya bastola, akanigusa kidole gumba. Kilikuwa kimelalia juu ya kile kidude cha kuzuia slaidi, kikikikandamiza chini. Nilikisogeza upana wa punje ya mchele, na tangu hapo slaidi imebaki wazi kila mara.

Kuna mambo mawili ambayo hayana mjadala. Triga ikivutwa na risasi isilie, shikilia bastola ikitazama shabaha kwa sekunde 30 kabla ya kuifungua, kwani baruti huweza kuchelewa. Na ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, acha mara moja, toa risasi zote, ukague kama kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu. Risasi inayofuata juu ya iliyokwama hupasua silaha.

Hamsini zinatosha kwa siku. Osha mikono kwa maji baridi na sabuni kabla ya kula, na nguo ulizovaa zisipakate mtoto, kwa sababu moshi wa risasi hubeba risasi kwa maana yake nyingine: madini yenye sumu.

Baada ya hapo

Rudi mara tatu nne, ufikishe risasi 200, ukiandika daftarini kila safari: tarehe, aina ya risasi, ngapi zimepigwa, ngapi zimekwama na kwa nini. Mpaka hapo usiibebe kwa kujilinda. Ukifika wakati wa kuibeba, nunua ala ngumu inayofunika triga yote na isiyojikunja ukiitoa bastola. Usiisukumize kiunoni bila ala, wala usiiache kwenye gari. Nyumbani ikae kwenye sefu, risasi zikae mbali nayo, na ufunguo usikae mahali ambapo mtoto amewahi kukuona ukiuficha. Watoto hutuona zaidi ya tunavyodhani.

Kama baada ya risasi 200 bado inakuumiza, bado kidole hakifiki, bado unaiogopa, izungumzie na muuzaji mwenye leseni na uibadilishe kwa njia ya sheria. Kubaki na silaha usiyoiweza kwa sababu ulilipa fedha nyingi ni kosa juu ya gharama.

Kisha lifungue daftari ukurasa wa kwanza. Langu liliandikwa: "Nyepesi. Imenyooka. Inakaa mkononi kama imepimwa." Ukurasa wa risasi ya 200 unasema: "Kidole gumba kimetulia. Mkono wa kushoto bado unalegea. Nikichoka, nanyakua." Neno lolote juu ya bastola halimo. Tangu siku ya tatu, kila nilichoandika kilinihusu mimi.

Funga daftari, toa magazini, tazama chemba, gusa chemba.